Kutunga mchezo wa vita bila skripti (na bila bunduki)

Watu wakisikia kikundi chetu hapa Malindi kilitunga mchezo wa kuigiza wa vita bila mtu kuketi chini akaandika skripti huniuliza mlianzaje, na ukweli ni kwamba tulianza vibaya sana. Siku ya kwanza nilikusanya vijana kumi na mmoja uwanjani nikawaambia leo ni vita, haya anzeni. Dakika nne hazikuisha. Wavulana wote wanajeshi, kila mmoja na bunduki yake ya vidole, ta ta ta ta, wameuana wote, na mmoja akachukua muda wake kufa, ajigaragaza mchangani akiita mama nakufa, mama nakufa, na wasichana wamekaa kwenye ngazi wacheka mpaka wafuta machozi na leso. Nikauliza, sasa hivi vita vilikuwa vya nani na nani? Kimya. Yule marehemu akainua kichwa akasema "vya sisi na wao."

Basi naandika kwa wale wako pale nilipokuwa mimi, una vijana, una uwanja, hela huna, na mko na hamu ya kufanya kitu kikubwa.

Cha kwanza, usichague vita. Chagua siku. Vita ni kubwa mno haiigiziki, siku moja yaigizika. Sisi Malindi siku tunayo tayari, 24 Oktoba 1940, ndege za Italia ziliupiga mabomu mji huu. Vijana wangu walikuwa hawajui kabisa, wao Mtaliano ni yule wa pizza na nyumba ya makuti kule ufuoni, wa kumwambia "ciao" ukimpita. Kwa hiyo ile habari ya kwamba hawa hawa walikuja kwa ndege kutupiga iliwaamsha kuliko hotuba yoyote ningewapa.

Historia wape dakika kumi, zisizidi. Mimi nilisema hivi: Italia ilikuwa imeishika Somalia kitambo, Ethiopia ikaiteka 1936, tarehe 10 Juni 1940 Mussolini akaingia vitani upande wa Hitler. Huku tuko chini ya Mwingereza. Kutoka Kismayu mpaka hapa kwa njia ya hewani ni kama kilomita 400 tu, yani vita vya Wazungu vilikuwa vimeshafika kwa jirani. Kufikia Februari 1941 mambo yamegeuka, askari wa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) ni miongoni mwa waliouingia Kismayu, halafu Mogadishu nayo ikaanguka, Wataliano wakaletwa Kenya wafungwa kwa maelfu, na lile kanisa dogo la kwenye mteremko wa Mai Mahiu mnalopita mkienda Narok ni wao walilijenga 1942. Basi. Maswali yatakuja yenyewe, na swali litakalokuja katikati ya mazoezi lina faida kuliko lile ulilolijibu kabla hajauliza mtu.

Sasa hapa ndipo nataka unisikize vizuri, mana hili ndilo lilitupatia mchezo. Ukishapata tarehe, ifungue. Mimi nilianza na siku, nikahesabu ikatoka Alhamisi. Alafu nikaiingiza kwenye ile programu ya simu ya kugeuza tarehe kuwa ya Kiislamu, nikabaki nimeduwaa na simu mkononi. Ramadhani ya 1359, kumi la mwisho. Yani mji ulikuwa umefunga! Nikawaambia vijana kesho yake, na wale waliokuwa wakigombania bunduki wakaanza kusema wenyewe bila kuulizwa: saa hiyo bibi yuko jikoni. Saa hiyo baba amelala kwenye baraza na akiamshwa ni balaa. Kuna mtu amehesabu siku za Idi na hana hata senti ya nguo za watoto. Kuna mmoja amekula kisirisiri. Ongeza na mwezi, kumi la mwisho mwezi huchelewa kutoka, kwa hiyo baada ya futari ni giza tupu na koroboi. Ongeza bahari, Oktoba kusi imeshachoka, ni matlai, maji yametulia na wavuvi wako kazini. Hatujafungua kitabu hata kimoja cha vita na tayari tuko na mji mzima unaotembea.

Hii yafanya kazi popote. Wenzetu wa Lamu mna vita vya Shela, miaka ya 1810 na kitu, Pate na Mombasa wakaja na majahazi wakashindwa pale ufuoni, nyinyi anzeni na maji kupwa na kujaa, mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa hilo. Na kwa upande wetu kuna vita vya Wagiriama vya 1914, ila hapo naomba niseme langu: kila kikundi chafanya Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza kumpinga Mwingereza, na yule kuku aliyemtumia kumwonyesha Mzungu vile atakavyopigania vifaranga vyake, kila tamasha, mpaka kuku mwenyewe amechoka. Serikali iliwatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000. Fanyeni nyumba ya mtu mwenye mbuzi watatu siku hiyo ya kutozwa. Mekatilili asionekane, atajwe tu, muone vile atakavyokuwa mkubwa.

Kwa wazee mwende, lakini msiende na swali la "vita vilikuwaje". Ukimuuliza mzee hivyo atakupa hotuba au atakwambia mimi nilikuwa mdogo sikumbuki, na kweli, aliyekuwa na miaka minane 1940 sasa amepita tisini, wengi mtakaowapata ni watoto wa wale walioona. Uliza vitu. Taa ilikuwa ya namna gani, mafuta ya taa mkinunua wapi na kwa kipimo gani, maji mkiteka kisima kipi, nani alikuwa haruhusiwi kutoka nje, mtoto akilia usiku akitishwa na nini. Nendeni wawili wawili, mmoja wa kiume mmoja wa kike, mana kuna ya jikoni ambayo bibi hamwambii mvulana. Msiende mikono mitupu, sukari au tende ndogo yatosha. Simu ibaki mfukoni mpaka mmeomba ruhusa. Na mzee akitoka nje ya mada akaanza habari za harusi ya dada yake msimrudishe! Sisi neno "eropleni", yani ndege, tulilipata katikati ya habari ya harusi, vijana wangu walidhani bibi amekosea, kumbe hivyo ndivyo walivyokuwa wakiita, na likakaa kwenye mchezo mpaka mwisho.

Mazoezi yenyewe sasa. Sisi tulikutana Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri, na wasichana wawe nyumbani kabla giza halijaingia. Hilo ongea na wazazi mapema na ulitimize, ukichelewesha mtoto wa mtu mara mbili kikundi kimekufa, hakuna haja ya kunieleza kuhusu sanaa.

Sheria nilizowapa ni tatu tu. Hakuna bunduki kwa wiki tatu, hata ya kidole. Mwenzako akisema kitu kipo, kipo, kipokee na uongeze chako. Na neno la kusimamisha, letu lilikuwa "chumvi", mtu yeyote akilisema kila kitu chasimama hapo hapo na haulizwi kwa nini.

Hiyo ya kupokea na kuongeza niieleze kidogo. Kuna siku kijana mmoja alikuwa akimuaga bibi yake, yeye askari aondoka na Keya, mahali pazuri kabisa pa huzuni, akasahau ni 1940 akasema "bibi usijali, nitakupigia." Simu! Nikaona wengine washaanza kuziba midomo. Yule dada aliyekuwa bibi hata hakupepesa jicho, akamkazia macho akasema "Utanipiga? Mimi bibi yako?" Kijana akababaika kwelikweli, akaanza kuomba radhi, bibi akamkataza asitoke mpaka aseme ni nani amemfundisha kupiga wakubwa, ni hao Wazungu wa Keya? Tukapata ugomvi wa dakika sita ambao hakuna mwandishi angeuandika. Lingekuwa ni kusimama na kucheka, kosa lingebaki kosa.

Na hiyo ya chumvi usiione ni mzaha. Huku kwetu vita si hadithi ya zamani peke yake, kuna vijana wana jamaa Mpeketoni kule Lamu, na mashambulizi ya 2014 si mbali. Kijana mmoja alisema chumvi siku ya kwanza tuliyojaribu kelele za watu wakikimbia, akatoka akaenda kukaa nje ukutani. Sikumfuata na maswali, nilimpelekea maji. Wiki iliyofuata akarudi akasema hataki kuigiza lakini atafanya sauti, na ndiye aliyetufanyia sauti zote mpaka mwisho. Usimlazimishe mtu "atumie uchungu wake", nimewaona madairekta wa namna hiyo, mimi siwapendi.

Zoezi letu kubwa ni kazi za mikono. Kila mtu achague kazi moja ya siku ile aifanye na mikono mitupu dakika kumi nzima bila kusema. Kukuna nazi, kuchambua mchele, kufuma wavu, kusuka ukili, kuteka maji. Dakika kumi ni nyingi, nakuonya. Dakika ya nne wanachoka na kutazamana, ya saba ndio wanaanza kufanya kazi kweli. Wewe pita katikati uulize maswali madogo: mbuzi yako ya kukunia inaelekea wapi? Hilo tui utakamulia nini, kifumbu kiko wapi? Kifuu cha pili umekiweka wapi, mana umekikanyaga sasa hivi. Asiyejua aende nyumbani akaangalie. Kuna kijana alirudi Jumapili na jeraha kidoleni, alikuwa hajawahi kukalia mbuzi maishani mwake, mamake mwenyewe alikuja kuniuliza tunawafundisha nini.

Zikishakaa hizo kazi ndio uwanong'oneze, mmoja mmoja sikioni, kitu anachokitaka leo na kitu anachokificha leo. Wewe wataka ruhusa ya kwenda kujiandikisha Keya kwa sababu ya mshahara, na umeshajiandikisha jana. Wewe una debe la mafuta ya taa chini ya kitanda na jirani aombaomba. Wewe mgonjwa, umeambiwa usifunge, umefunga. Alafu uwaweke uani pamoja waendelee na kazi zao, maneno yatakuja yenyewe. Ukiona mtu aanza kueleza vita, "unajua Mussolini amefanya hivi na hivi", mkatize, muulize nazi imefika wapi.

Sini yetu ya kwanza, yani kipande cha kwanza cha mchezo, ilitoka hapo, niieleze yote kwa sababu ndiyo mfano mzuri niliyo nao. Dada mmoja akuna nazi. Bibi ameketi nyuma yake na tasbihi. Mtoto achezea makumbi. Yule kijana wa sauti nilimweka nyuma ya ukuta na jerikani tupu la lita ishirini, aweke mdomo pale penye shingo avume polepole, mmmmmm, na wale watatu hawakuambiwa chochote. Akaanza. Yule dada mkono ukasimama hewani. Na hakutazama juu! Wote ningewaambia ni ndege wangetazama juu, yeye alitazama nazi, akaisogeza sikioni kama ndiyo inayolia. Bibi akasema, "Mbona umewata? Wangojea adhana?" Kimya, mvumo unaongezeka. Mtoto akasema, "Ni nyuki." Bibi akaamini, au alitaka kuamini, akaamuru liletwe kumbi liwashwe watiwe moshi watoke. Kwa hiyo ikafika mahali mvumo umejaa uwanja wote na hawa watu wako katikati ya ua wamenyanyua kumbi linalofuka moshi wafukuza nyuki. Hapo nikapiga makofi mara moja kusimamisha. Bomu hatukulifanya siku ile na mwisho wa yote hatukulifanya kabisa, mvumo ulikatika ghafla na taa zikazimwa.

Sasa, jambo likitoka zuri namna hiyo utataka lirudiwe mara moja, na mara ya pili litakufa. Siku zote. Wanakumbuka maneno wanasahau walichokuwa wakikitaka. Waambie warudie haja, wasirudie maneno, bibi ataka nazi iishe kabla ya adhana, basi, akisema hivyo au vingine shauri yake. Mara ya tatu hurudi. Isiporudi iache ilale wiki nzima.

Kurekodi, weka simu juu ya tofali, sauti peke yake. Video tulijaribu ikawa kila mtu aja kutazama nywele zake. Awepo karani pia, mmoja wa vijana kwa zamu, na kazi yake si kuandika yote, aandike tu sentensi zilizofanya watu wacheke au wanyamaze. Baada ya miezi miwili tulikuwa na daftari moja na nusu la sentensi kama hizo, na mistari kama kumi na tano ndiyo ilikaa mpaka jukwaani vile vile ilivyotamkwa, mingine tuliitengeneza au ikatupwa.

Habari ya adui nayo. Rubani wa kwanza kutengenezwa alikuwa shetani, acheka ha ha ha, apiga kelele kwa Kitaliano cha uongo. Wakaona raha sana, mimi nikaona aibu. Alafu kuna kijana wetu mmoja kutoka Muyeye, huuza vinyago ufuoni, Kitaliano chake kimenyooka kuliko Kiingereza changu. Nikamwambia wewe ndiye rubani, una njaa, viatu vimekubana, wataka kumaliza kazi urudi, na kutoka huko juu huoni mtu, waona paa za makuti na bahari. Akapanda juu ya meza akaongea dakika tatu, viatu, mamake, joto, bahari. Huku chini bibi aendelea na nyuki wake. Tuliamua hakuna kutafsiri hata neno. Malindi mtu akikosa kuelewa yote ataelewa nusu, na ile nusu yauma zaidi.

Palikuwa na sini nyingine ambayo yule rubani miaka baadaye anarudi Malindi mzee, anaomba msamaha, bibi anampa futari. Vijana waliipenda mno, wengine walilia. Nikaikata. Ilikuwa tamu kama sharubati iliyozidi sukari na hakuna aliyekuwa akitaka kitu ndani yake, walikuwa wakipatana tu. Walininunia siku mbili.

Kushona vipande ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kata maboksi vipande, kila sini kipande chake, uandike mstari mmoja: nani ataka nini, na nini kinamzuia. Ile ambayo huwezi kuiandika hivyo haina kitu, itoe. Sisi tulikuwa na ishirini na tatu tukabaki na tisa, tukazitandaza sakafuni na kila mtu akaruhusiwa kuhamisha kipande kimoja tu na aseme kwa nini. Ilichukua jioni moja na ugomvi mmoja. Mchezo wote dakika arobaini, usizidishe, watu wamekaa kwenye mikeka.

Vifaa tulivyokuwa navyo ni mikeka, mbuzi ya kweli moja, koroboi tatu na mchanga kando kwa sababu ya moto, jerikani, makumbi. Mtu alitaka kutuletea spika na mlio wa ndege wa kwenye intaneti, tukajaribu, ikawa ni spika. Jerikani lilikuwa ndege.

Onyesho la kwanza tulichelewa kuanza, watu wangoja viti vya wakubwa na mambo kama hayo, na katikati ya ule ugomvi wa "utanipiga" ikaingia adhana ya magharibi kutoka msikiti wa jirani. Waigizaji wakanyamaza kwa heshima, na watu wote kimya, mimi nasema basi tumeharibikiwa. Ilipoisha, yule bibi bila kuambiwa na mtu akafungua kile kikombe alichokuwa amekifunika tangu mwanzo, akatoa tende, akampa yule mjukuu aliyekuwa akimfokea. Tangu hapo tunaanza dakika arobaini na tano kabla ya magharibi na tunajipanga adhana ya kweli itukute kwenye tende, mwisho wa mchezo, hizo dakika tano za ziada ni za viti vya wakubwa. Mkifanya hivyo nunueni tende kilo mbili, si za waigizaji peke yao, watu wa mkeka wa mbele nao hunyoosha mikono.